Magari ya Fahari ya Wafalme wa Ureno

 Leo twataka kuwachukueni safari ya mbali, nayo ni safari isiyo na nauli wala mizigo, kwani aendaye ni sikio tu. Twaenda mji wa Lisbon, mji mkuu wa nchi ya Ureno, upande wa magharibi wa Ulaya, mahali ambapo mto Tagus waingia katika Bahari ya Atlantiki. Huko tutaitembelea nyumba moja ya makumbusho ambayo ndani yake mna magari ya farasi: magari waliyopanda wafalme, malkia, mabalozi na maaskofu kwa muda wa miaka mia tatu.

Labda mtu atauliza, "Magari ya wafalme wa Ureno yatuhusu nini sisi?" Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu hivi. Wareno si wageni wa jana katika pwani yetu. Hata leo maneno yao tunayo vinywani, wala hatuyahesabu kuwa ya kigeni. Mtoto atandikaye meza, mama ajifungaye leso, askari apandishaye bendera, na fundi akazaye parafujo, wote hao wasema Kireno kidogo bila kujua. Tena mtaona kwamba katika magari hayo yamo mawili matatu yaliyochongwa kwa ajili ya kujisifu juu ya bahari yetu na watu wetu. Si vema mtu asifiwe au atukanwe katika nyumba ya jirani, naye asiende kusikia lililosemwa.

Makumbusho hayo yako Belém, kitongoji cha Lisbon kilicho kando ya mto. Ni mahali penye habari kubwa. Hapo ndipo Vasco da Gama alipotweka tanga tarehe 8 Julai 1497, akaizunguka Ras ya Tumaini Jema, akafika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, na huko Malindi akapata rubani wa kumwongoza mpaka Bara Hindi. Kaburi lake liko katika kanisa kubwa la Belém, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katika nyumba yetu ya magari.

Nyumba yenyewe hapo kwanza haikuwa ya makumbusho. Ilikuwa ukumbi wa kufundishia farasi wa mfalme, ulioanza kujengwa mwaka 1787 kwa mchoro wa fundi Mwitaliano, jina lake Giacomo Azzolini. Urefu wake ni meta 50, na upana wake meta 17. Dari yake imechorwa picha, na juu kuna roshani walimoketi watu wa nyumba ya mfalme ili kutazama farasi wakichezeshwa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Malkia Amélia, mke wa Mfalme Carlos, aliona kwamba magari ya kale yamewekwa huku na huku mabandani, yakiharibika kwa vumbi na unyevu. Motakaa zilikuwa zimeanza kuonekana barabarani, na watu walianza kuyadharau magari ya babu zao. Malkia akaamuru yakusanywe katika ukumbi ule, na tarehe 23 Mei 1905 milango ilifunguliwa kwa watu wote. Wasikilizaji, mkumbukeni malkia huyo. Tutakutana naye tena kabla ya kuagana, wala mkutano huo si wa furaha.

Baadaye ukumbi ulikuwa haba kwa wingi wa magari. Kwa hiyo lilijengwa jumba jipya karibu na lile la kwanza, kwa mchoro wa Mbrazili Paulo Mendes da Rocha, nalo likafunguliwa tarehe 23 Mei 2015, yaani siku ile ile ya mwaka. Ni jumba jeupe, kubwa, lililoinuliwa juu ya nguzo, na ndani yake magari yamepangwa kwa safu kama majahazi bandarini wakati wa kungoja pepo.

Sasa na tuingie. Jambo la kwanza limpatalo mgeni ni kufumba macho kwa mng'ao. Magari ni makubwa kuliko tulivyodhani. Mengine yapita kimo cha mtu mrefu mara mbili hivi. Kila mahali pana nakshi: majani, maua, watoto wenye mabawa, wanawake wenye mataji, simba na majoka, vyote vyang'aa kama dhahabu tupu. Ndani ya magari mna hariri na bahameli, na pembezoni mna matamvua ya nyuzi za dhahabu. Tulisimama kimya kitambo kizima. Ndiyo kazi iliyokusudiwa na waundaji: mtazamaji anyamaze.

Lakini wazee wetu walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nasi tuliinama, tukachungulia chini ya magari, na huko tulijifunza mengi kuliko juu.

Chini hakuna dhahabu. Pana boriti za mti mgumu, vyuma vilivyofuliwa kwa nyundo, na ngozi. Chumba cha gari wanachoketi abiria hakikukazwa juu ya magurudumu. Kilining'inizwa kwa kanda nene za ngozi, zilizofungwa katika nguzo za mbele na za nyuma, kama vile susu ining'iniavyo darini jikoni kwetu. Gurudumu lilipoanguka shimoni, kanda zilipokea kishindo, na chumba kikayumba badala ya kugonga. Springi za chuma zilikuja baadaye. Walakini kuyumba nako kuna taabu yake; abiria aliyevaa mavazi ya fahari aliweza kushikwa na kichefuchefu kama msafiri wa jahazi wakati wa kusi. Tena tuliona kwamba magurudumu ya mbele ni madogo kuliko ya nyuma. Sababu yake ni kwamba gari refu halipindi kwa urahisi, bali gurudumu likiwa dogo hupata nafasi ya kugeuka bila kugonga chumba.

Na ile dhahabu, je? Hiyo nayo tuliielewa tulipoitazama kwa karibu. Gari si la dhahabu. Gari ni la mti. Dhahabu hufuliwa kwa nyundo hata ikawa nyembamba kuliko karatasi. Kisha mti uliochongwa hupakwa chaki iliyochanganywa na gundi, ukalainishwa, ndipo dhahabu ikabandikwa juu yake. Mti ni mwili, dhahabu ni ngozi. Wako waliolia kwa ajili ya kuipata ngozi hiyo, nasi tutawataja hivi punde.

"Usione vyaelea, vimeundwa." Gari moja la namna hii lilitaka seremala, mchongaji, mfua chuma, mshona ngozi, mfumaji wa hariri, mchoraji, na fundi wa vioo. Lilipokwisha, likataka mwendesha gari, na saisi wa kuwalisha farasi na kuwasugua. Majina ya wafalme yameandikwa yote. Majina ya wengi wa mafundi hayakuandikwa popote, lakini kazi ya mikono yao yasimama, na wafalme hawasimami tena.

Gari la kale kuliko yote katika nyumba hii ni la Mfalme Filipe wa Pili. Yeye alikuwa mfalme wa Hispania, ambaye huko kwao aliitwa Filipe wa Tatu, na zamani zile, toka mwaka 1580 hata mwaka 1640, Ureno ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania. Mwaka 1619 alikuja kuwatembelea raia zake Wareno, na habari husema kwamba alikuja na gari hili. Nje halina mapambo mengi. Ni jeusi, limefunikwa ngozi, mtu aweza kulipita bila kuligeukia. Fahari yake yote iko ndani. Baba yake Filipe huyo ndiye aliyekuwa akitawala Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, mwaka 1593. Kwa hiyo jiwe lile tulijualo na gari hili tulilolitazama ni vitu vya nyumba moja, vya baba na mwana.

Twendelee mbele. Katikati ya jumba yamesimama magari matatu ambayo ndiyo sifa ya makumbusho haya. Yaliundwa Rumi kwa amri ya Mfalme João wa Tano, aliyetawala Ureno toka mwaka 1706 hata mwaka 1750. Mwaka 1716 alimtuma balozi wake, Bwana wa Fontes, kwenda mbele ya Papa Clement wa Kumi na Moja. Balozi aliingia mbele ya Papa kwa msafara wa magari 15: matano yalikuwa makuu, yaliyochongwa sanamu zenye maana, na kumi yalikuwa ya kuyafuata. Katika yale matano makuu yamebaki matatu.

Kwa nini fahari nyingi namna hiyo? Kwa sababu mfalme alikuwa na haja. Alitaka mji wake wa Lisbon uheshimiwe na Kanisa sawa na miji mikubwa ya Ulaya, na yeye mwenyewe ahesabiwe pamoja na wafalme wakubwa. Naye alipata aliyoyataka, maana mwaka ule ule wa 1716 Papa aliupa Lisbon cheo cha kuwa na Patriaki. Magari yale basi hayakuwa ya kusafiria. Yalikuwa maneno. Mfalme alisema kwa mti na dhahabu yale ambayo mtu mwingine angeyasema kwa barua.

Na alisema nini? Tazameni gari moja katika hayo matatu, liitwalo Gari la Bahari. Nyuma yake pana sanamu za wazee wawili wenye ndevu, wakipeana mikono. Mzee mmoja ni Bahari ya Atlantiki, na mwenzake ni Bahari ya Hindi. Maana yake ni kwamba merikebu za Wareno zilizunguka Ras ya Tumaini Jema, zikaziunganisha bahari mbili zilizokuwa hazijuani. Tulisimama mbele ya mzee yule wa Bahari ya Hindi, tukamtazama usoni. Ni kazi nzuri sana ya mchongaji. Lakini hatukuweza kujizuia kumwuliza moyoni, "Mzee, mkono huo uliutoa kwa hiari yako?"

Maana, wasikilizaji, hesabuni miaka. Gari lile lilipita barabara za Rumi mwaka 1716. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waarabu wa Oman mwezi wa Machi mwaka 1696, ikakaa katika mazingirwa karibu miaka mitatu, watu wakafa kwa maradhi na njaa, na mwezi wa Desemba mwaka 1698 ikatwaliwa. Kwa hiyo siku ile mzee wa mti alipopeana mkono na mwenzake mbele ya watu wa Rumi, bendera ya Ureno ilikuwa imekwisha kushushwa Mombasa miaka kumi na minane. Wareno walirudi Mombasa mwaka 1728, lakini hawakutimiza miaka miwili wakafukuzwa tena. Gari lilisifu kitu ambacho mwenyewe alikuwa amekwisha kukipoteza. Labda kwa sababu hiyo lilichongwa zuri zaidi. Mtu huimba sana juu ya ng'ombe aliyekwisha kuibiwa.

Gari la pili katika hayo ni la Kutawazwa kwa Lisbon. Nyuma yake ameketi mwanamke ambaye ni mfano wa mji wa Lisbon, naye avikwa taji. Miguuni pake pana joka lenye mabawa, alama ya nyumba ya mfalme, likiponda mwezi mwandamo, alama ya Waislamu. Kando ya joka wapo watumwa wawili: mmoja ni mfano wa Asia, na mmoja ni mfano wa Afrika.

Hapo tulikaa kitambo kirefu. Si jambo jepesi mtu kwenda mbali namna ile, apite katikati ya dhahabu yote ile, kisha amkute ndugu yake chini, miguuni pa mwanamke wa mti. Tulikumbuka kwamba joka lile nalo ni la mti tu, na mwezi ule ni wa mti, na kwamba huko Mombasa mambo yalikuwa yamegeuka kinyume. Lakini mtumwa yule hakuwa wa mti tu. Watu kama yeye walikuwako kwa maelfu, nao wana sehemu katika habari ya dhahabu tuliyowaahidini.

Mwisho wa karne ya kumi na saba dhahabu ilionekana katika nchi ya Brazili, iliyokuwa chini ya Ureno. Utajiri wa Mfalme João wa Tano ulitoka huko zaidi kuliko mahali pengine. Waliochimba na kuisafisha mitoni walikuwa hasa watumwa wa Kiafrika, wengi wao wamevushwa bahari kutoka Angola na pwani ya magharibi ya Afrika, wakisimama majini tangu asubuhi hata jioni. Mfalme yule alijenga na kupamba mengi kwa utajiri huo. Basi, mchongaji wa Rumi alipomweka Mwafrika chini ya gari, alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia. Alidhani anaonyesha aliyeshindwa. Kumbe alionyesha aliyechukua mzigo wote juu yake.

Hatusemi hayo ili mtu achukie kazi nzuri ya mikono. Magari yale ni mazuri, nasi tuliyapenda. Twasema tu kwamba kitu cha fahari husema apendalo mwenyewe, na kazi ya mgeni mwenye akili ni kukiuliza asilolipenda.

Baada ya magari hayo matatu, macho hupumzika kwa vitu vidogo. Viko viti vilivyofunikwa kama chumba, ambavyo watumishi wawili walivichukua kwa miti, mmoja mbele na mmoja nyuma; nasi tulivitambua upesi, kwani machela si mageni kwetu. Viko vitanda vya safari vilivyochukuliwa na nyumbu wawili katika njia za milima zisizopitika kwa gurudumu. Viko hata vigari vidogo vya watoto wa wafalme, ambavyo mtoto wa kwetu angevipenda kuliko magari yote makubwa. Liko pia gari la taji, lililoundwa London mwaka 1824 kwa ajili ya Mfalme João wa Sita. Gari hilo lilitolewa katika makumbusho mwaka 1957, Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipoitembelea Lisbon, akapandishwa humo kupita barabarani.

Sasa twafika kwa gari la mwisho tunalotaka kuwaeleza. Wageni wengi hulipita, kwa maana haling'ai. Ni lando jeusi, yaani gari jepesi lenye paa linalofunguka pande mbili, la kupandia mjini kila siku. Halina sanamu, halina joka. Lakini mtu akiinama atazame ubavu wake, ataona matundu madogo. Matundu hayo ni ya risasi.

Mwaka 1908 nchi ya Ureno ilikuwa katika fitina. Hazina ilikuwa na madeni, na serikali ilikuwa ikitawala bila bunge, na watu wengi walitaka ufalme ukome. Tarehe 1 Februari, jioni, Mfalme Carlos alirudi Lisbon kutoka nyumba yake ya mashamba, pamoja na Malkia Amélia na mwana wao wa kwanza, Luís Filipe, kijana wa miaka 20. Walivuka mto Tagus kwa meli, wakashuka katika uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa maji. Mwana wao wa pili, Manuel, aliyekuwa na miaka 18, alikuwa akiwangoja. Wote wanne wakapanda gari lile, nalo lilikuwa wazi. Walipofika pembeni mwa uwanja, watu wawili wenye silaha, Manuel Buíça na Alfredo Costa, waliwapiga risasi. Mfalme alikufa papo hapo. Mwanawe mkubwa alipigwa, akafa baada ya muda mfupi. Manuel alijeruhiwa mkononi. Malkia alisimama garini, hana silaha ila shada la maua alilopewa bandarini, akampiga nalo yule muuaji. Wauaji wote wawili waliuawa pale pale, na mwendesha gari akawakimbiza farasi mpaka ndani ya karakana ya jeshi la maji iliyokuwa karibu.

Wasikilizaji, huyo aliyesimama na maua mkononi ndiye yule malkia aliyeyakusanya magari mwaka 1905. Alitengeneza nyumba ya kuhifadhi magari ya wafalme waliokufa zamani, asijue kwamba miaka mitatu baadaye gari alilolipanda yeye mwenyewe litakuwa la kuhifadhiwa, na damu ya mumewe na ya mwanawe imo. Leo lando lile laonyeshwa Belém pamoja na yale ya dhahabu. "Hakuna marefu yasiyo na ncha." Gari la Rumi na gari la matundu ni mwanzo na mwisho wa njia moja: la kwanza lasema, "Tazameni nilivyo mkubwa", la mwisho halisemi neno, lakini mgeni akitoka hulikumbuka zaidi.

Manuel alitawala miaka miwili tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1910 ufalme uliondolewa Ureno, ikawa jamhuri, naye pamoja na mama yake wakaenda uhamishoni. Malkia Amélia aliishi Uingereza, kisha Ufaransa. Aliiona Ureno tena mara moja, mwaka 1945, alipokuwa mzee. Akafa Ufaransa mwaka 1951, na maiti yake ikarudishwa Lisbon ikazikwa huko.

Na magari, je? Hili ndilo jambo tunalopenda mlishike zaidi. Watu waliouondoa ufalme wangaliweza kuyachoma. Dhahabu ingaliweza kukwanguliwa, mti ukawa kuni, na wengi wangalishangilia. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1911 waliibadili jina nyumba ile tu: iliyokuwa ya magari ya kifalme ikawa ya taifa. Waliona kwamba kitu kilichotengenezwa kwa kodi ya raia na jasho la watumwa hakikuwa cha mfalme peke yake tangu mwanzo. Na kama ni chao, mbona wakichome? Wakakiweka, ili watoto wao waje waone fahari na waone matundu, wayapime wenyewe.

Basi twawageukia ninyi mliomo vijijini na mashuleni. Hatuna magari ya dhahabu kwetu. Lakini kila kijiji kina vitu vyake: kiti cha mzee aliyeamua mashauri, ngoma iliyowaita watu, mlango wa nakshi, mtumbwi wa kale uliopinduliwa ufukoni, na pengine mnyororo wa chuma ambao hakuna apendaye kuueleza. Kila siku vitu hivyo huliwa na mchwa au huuzwa kwa mpita njia kwa bei ya chumvi. Msingoje malkia aje kuvikusanya. Mwalimu na wanafunzi wake waweza kutenga kabati moja shuleni. Mzee aweza kumweleza mjukuu habari ya kitu kimoja kila jioni, na mjukuu akaiandika katika daftari, na tarehe yake.

Nanyi mtakapokitazama kitu chochote cha fahari, kiwe kwetu au ugenini, kiulizeni maswali matatu. La kwanza, nani alikiunda? La pili, nani alilipa? La tatu, kimeficha nini? Kisha inameni mtazame chini yake, kwani juu kila mtu huona.

Hapo ndipo tulipofika na safari yetu ya leo.